Mutoto Aliyesoma na Kunyamaza

Mimi ni muntu wa hasira za karibu. Watoto wote wa shule yetu, hapa upande wa Buleusa, wanajua: Mama mwalimu wa klasi ya pili akianza kukunja mikono ya nguo yake, kaa sawasawa, pangusa kamasi, funga mudomo. Fimbo sishiki, lakini ulimi wangu, eh! Mume wangu anasema ningezaliwa mwanaume ningekuwa mwamuzi wa mupira, kwa vile napenda kupiga kelele na kufukuza watu inje.

Basi fikiria muntu wa namna hiyo kupewa mutoto asiyejibu.

Aliletwa na papa yake mwanzoni mwa mwaka wa shule. Walitoka Masisi, kwenye milima ile ile nilikozaliwa mimi, na walikuja kwa miguu, kama wengi waliofika huku Walikale wakati bunduki ziliposogelea mashamba yao. Papa alikuwa mulimaji wa maharagi, muntu murefu, wa maneno machache, na shati lake la kanisa alilivaa hata siku za kazi, kwa sababu njo shati moja tu alilotoka nalo. Mama wa mutoto alibaki nyuma kidogo, na mutoto muchanga mugongoni. Musichana mwenyewe alikuwa na miaka tisa hivi, kichwa chini, miguu yote matope ya njia. Kule kwao alikuwa amekwisha kukaa klasi ya pili mwaka muzima, akashindwa.

Papa alinieleza yote tukiwa tumesimama kwenye mulango wa klasi.

“Mama mwalimu, huyu mutoto iko anarudia. Kama ameshindwa tena mwaka huu, mimi sitamurudisha. Mama yake iko peke yake na mutoto mudogo, na mimi naanza kulima shamba ya watu. Kama shule inamukataa, shamba haitamukataa.”

Hakusema kwa ubaya, na hiyo njo iliniumiza. Alisema kama muntu anayekuambia mvua itanyesha, tayari amekwisha kuikubali. Nilimutazama mutoto. Alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Yule papa nilimuzoea pole pole. Kila muntu aliyefika kutoka milimani, yeye alikuwa wa kwanza kumupa mukono, na baada ya salamu swali lilikuwa moja tu: umepita kwa jirani yangu wa chini ya kilima? Umeona nini? Siku walipokimbia, aliacha mifuko yake ya maharagi kwa jirani huyo, mavuno ya musimu muzima. Jirani alisema, nenda, nitakuchungia mpaka siku utakaporudi. Tangu siku ile habari hakuna. Watu walianza kumukwepa kidogo, maskini, kwa sababu hakuna aliyependa kumujibu kila wiki kwamba hajui.

Turudi kwa mutoto.

Kwetu kusoma kunapimwa hivi. Mutoto anasimama mbele yako, unamupa karatasi yenye hadithi fupi ambayo hajaiona. Anasoma kwa sauti, na wewe unafuata na macho: wapi anakwama, wapi anaruka neno, wapi anavuta herufi moja moja kama muntu anayevuta mbuzi asiyetaka kuvuka maji. Akimaliza, unageuza karatasi uso chini, unauliza. Nani alifanya nini? Wapi? Kwa nini? Kusoma kwa mudomo kuna pointi zake, na kuelewa kuna pointi zake. Asiyepata pande zote mbili hapandi klasi.

Nilipomupima mara ya kwanza, huo mudomo wenyewe haukufika mbali. Alisoma “ma”, akapumuzika. Alisoma “ma” nyingine, akapumuzika. Kufika kwa neno la tatu alikuwa amekwisha kusahau la kwanza. Sikumulaumu. Nyumbani waliongea Kihunde, kwenye soko waliongea Kiswahili chetu hiki, na kitabu nacho kina Kiswahili chake, kile chenye shati lililopigwa pasi. Mutoto anapita milango mingapi kabla ya kufika ndani?

Nikamwambia kila siku baada ya shule apite kwangu. Nyumba yangu iko kwenye njia yao ya kurudi, hakuna kisingizio. Nilikuwa namukalisha chini jikoni, ungo wa maharagi katikati yetu, tunachagua mawe na yaliyooza, na kitabu kimeegemezwa kwenye sufuria. Mimi nasoma musitari mumoja, yeye anaurudilia. Kisha tunausoma pamoja, sauti yangu ikimubeba. Kisha naondoa sauti yangu, anaendelea peke yake. Kesho yake ukurasa ule ule tena, mpaka mudomo uuzoee. Alipokimbia kupita nukta nilimusimamisha.

“Nukta ni pahali pa kupumua. Usipopumua utaanguka hapa, na mimi sikubebi, mugongo wangu ni wa zamani.”

Hapo alikuwa anacheka kidogo, kwa pua. Kicheko hicho kilikuwa habari nzuri pekee niliyopata kwake kwa muda murefu.

Lakini akasogea. Kidole chake, ambacho mwanzoni kilikuwa kinasukuma kila herufi, kikaanza kuteleza chini ya neno zima, halafu chini ya maneno mawili matatu, halafu siku moja nikaona kidole kimebaki kwenye maharagi na macho yanasoma yenyewe. Alisoma ukurasa muzima, hadithi ya mwenye mbuzi, bila kukwama, akapumua kwenye kila nukta, na kwenye swali sauti yake ikapanda vile inavyopaswa kupanda. Nilipiga makofi mpaka ungo ukapinduka. Maharagi yakatawanyika jikoni kote, kuku wakaingia, mimi sikujali.

“Sasa, mama yangu,” nikamwambia, bado nacheka, “niambie: yule mwenye mbuzi alikuwa anaenda wapi?”

Kimya.

Alisimama, akaweka mikono nyuma. Aliinamisha kichwa. Akatazama vidole vya miguu.

Nikafikiri ameona haya. Nikauliza kwa njia nyingine. Kimya. Nikafikiri ni lugha, nikamuuliza kwa Kihunde, lugha ya mama yake na ya mama yangu. Kimya kile kile. Nilimupa muhindi wa kuchoma. Akala muhindi, akashukuru vizuri kabisa, akanyamaza. Siku nyingine nilipandisha sauti, siku nyingine nilibembeleza. Ukimuuliza nani amemutuma, anajibu. Ukimuuliza mutoto muchanga anaendeleaje, anajibu, tena na maneno mengi. Ukigeuza karatasi na kuuliza hadithi ilisema nini, mudomo umeshonwa.

Mukubwa wa shule yetu, ambaye wote tunamuita Direkta, ni muntu wa sheria, mwenye saa kubwa mukononi na kalamu mbili kwenye mufuko wa shati. Yeye mwenyewe anasikiliza watoto wanaorudia klasi. Alimusikiliza katikati ya mwaka, akaniita pembeni.

“Mama, umefanya kazi, siwezi kukataa. Lakini huyu anasoma kama redio. Redio inaongea vizuri sana. Sasa iulize redio swali.”

Nilitoka pale mashavu yanawaka. Nilikasirika kwa sababu alimutukana mutoto wangu, na nilikasirika zaidi kwa sababu pengine alisema kweli. Nilikuwa nimeanza kuogopa kitu hicho hicho: kwamba nimefundisha mudomo, na kichwa kimebaki palepale kwenye mulango wa klasi, siku ile ya kwanza. Na nilikuwa naona tayari mwisho wa mwaka, papa yake anamupa jembe, na yeye analipokea bila kusema neno, vile alivyo.

Sasa, mama yangu muzazi anakaa nasi. Ni Koko, bibi wa kila mutoto anayepita hapa. Ana macho mazuri na meno karibu yote, lakini masikio yalimuaga zamani; ukitaka akusikie, lazima majirani wasikie vilevile. Wakati tulipokuwa tunasoma, alikuwa anakaa karibu na moto na kutazama midomo yetu tu, bila kushika kitu.

Alasiri moja mutoto alikuwa ametoka kumaliza hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya mukubwa wa kwaya. Nilikuwa nimeuliza maswali yangu, nikapata kimya changu. Mara mvua. Nikakimbia inje kuokoa nguo kwenye kamba. Nilikuwa narudi chini ya ukingo wa paa, mikono imejaa mashuka, nikasikia sauti inapiga kelele jikoni.

“KOFIA, KOKO! YA MUKUBWA WA KWAYA!”

“Nani aliikula?”

“MBUZI! KOFIA IKO KWENYE DIRISHA, MUKUBWA IKO ANAOMBA, AMEFUNGA MACHO! MBUZI INAINGIZA KICHWA!”

“Yesu wangu! Na watu hawakuona?”

“WALIFUNGA MACHO WOTE, WALIKUWA KWA MAOMBI!”

Nilisimama pale. Maji ya paa yalikuwa yananiingia shingoni, na mashuka niliyookoa yalikuwa yanalowa upya. Mutoto wangu asiyejibu aliieleza hadithi yote, kutoka mwanzo, kwa mufuatano wake, na sauti ya mbuzi, na sauti ya mukubwa wa kwaya alipofungua macho. Alieleza kwa nini hakuna aliyeona, jambo ambalo kitabu hakikulisema wazi. Alilijua kwa kuunganisha musitari wa juu na wa chini. Koko alicheka mpaka akakohoa.  Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, na papo hapo nikashikwa na hasira, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa naomba kitu ambacho kilikuwa pale pale jikoni kwangu.

Nikaingia kama upepo.

“Hee! Weye! Kumbe unajua! Mbuzi alibakisha nini kwenye kofia?”

Mikono nyuma. Kichwa chini. Vidole vya miguu.

“Unamukatisha!” Koko akanigombeza. “Acha amalize hadithi yangu!”

Nilitupa mashuka kwenye kiti, nikakaa chini kwenye ungo, nikavuta pumzi. Nilichoka. Na kwa uchovu ule, si kwa akili yoyote, nikamuuliza kwa sauti ndogo:

“Mama yangu, kwa nini Koko unamwambia, na mimi hapana?”

Aliinua kichwa. Akanijibu palepale, tena kwa huruma, kama muntu anayemueleza mwenzake kitu rahisi.

“Koko hakusikia. Weye ulikuwa unafuata na macho. Unajua yote.”

“Na kama najua?”

“Mukubwa akikuuliza kitu anajua, ni kwamba uko na kosa.”

Katika maswali yote niliyomuuliza juu ya kusoma, hili lilikuwa la kwanza ambalo mimi mwenyewe sikujua jibu lake, na alinijibu. Yale mengine yote nilikuwa nayajua, naye alijua kwamba nayajua.

 Ghafula niliiona kichwani nyumba yetu ya Masisi, na papa yangu amesimama kwenye mulango wa jikoni, anauliza kwa sauti ya taratibu: nani aliacha zizi wazi? Alikuwa anajua. Daima alikuwa anajua. Sisi watoto tulijipanga mbele yake, mikono nyuma, kichwa chini, macho kwenye vidole vya miguu, kwa sababu kufungua mudomo mbele ya mukubwa anayejua ni kubishana naye, na mutoto aliyelelewa vizuri habishani. Unasubiri amalize. Ile namna ya kusimama niliyoiona kwa huyu musichana miezi yote hii, mwili wangu mwenyewe ulikuwa unaijua. Hakuwa mujinga wala mukaidi. Alikuwa mutoto mwenye heshima, na kila siku nilipogeuza karatasi, yeye alikuwa anatafuta kosa lake.

Kesho yake nilimufuata Direkta, nikamueleza vizuri, bila kelele, kwa bidii zangu zote. Alinisikiliza, akatazama saa.

“Mama, nakuelewa. Lakini mutihani ni mutihani. Mwalimu anauliza, mutoto anajibu. Siwezi kumutafutia kila mutoto Koko yake.”

Nikajaribu kumuzoeza kwa njia nyingine. Nilijifanya mujinga. Nilifunga macho wakati anasoma, nikaziba masikio, halafu nikauliza: eti, ilisema nini? Mimi sijui. Alinitazama, akacheka kwa pua.

“Mama mwalimu, hapana kudanganya. Hii hadithi ulituandikia kwa ubao wiki jana.”

Kudanganya mutoto ni kazi ngumu kuliko kumufundisha. Nikaacha.

Nilichofanya ni kumuachia Koko. Kila siku mutoto alisoma nami, kisha akamuelezea Koko kwa kelele, na mimi nilichagua maharagi kimya, jambo ambalo kwangu ni adhabu. Koko naye hakuuliza kama waalimu. Aliuliza vile anavyouliza habari za kijiji. Yule mama ana watoto? Kwa nini hakumwita mume wake? Na mutoto alikuwa anarudi mbio kwenye ukurasa, anatafuta na kidole, anarudi: Koko, walisema ana mumoja. Mara nyingine alitafuta, akarudi mikono mitupu: Koko, haikuandikwa. Basi fikiri, Koko alimwambia, weye uko na kichwa. Naye alifikiri, kwa kelele. Nilimuona anajifunza kupambanua kilicho kwenye karatasi na kile anachokijaza yeye mwenyewe, na kuna watu wakubwa, tena wenye vyeo, ambao hawajakifikia hicho mpaka leo.

Lakini mutihani ulikuwa unakuja, na Koko hakuwa kwenye mutihani.

Siku yenyewe ilifika na jua kali. Wazazi wa watoto wanaorudia waliitwa wangoje inje, kwenye ubao murefu wa kukalia chini ya ukuta, ili waambiwe matokeo palepale. Papa wa musichana alikuja na jembe lake. Alikuwa anatoka shamba na alitarajia kurudi huko. Alikaa mwisho wa ubao, akaweka jembe kati ya magoti. Nilipomupita aliniuliza kwa sauti ya chini kama musichana atabeba vitu vyake vya shule leo ao kesho. Nilimwambia asubiri kwanza. Sikuwa na nguvu ya kumutazama usoni.

Ndani, Direkta alimupa mutoto karatasi. Hadithi zake za mutihani amezinakili kutoka kwenye kitabu cha zamani ambacho kurasa za mwisho zilitoka siku nyingi. Hii naijua: mama mumoja anabeba mufuko wa maharagi kwenda soko la Sake. Mvua kubwa inamukuta njiani, daraja limekwenda na maji. Anabisha kwenye nyumba ya muntu asiyemujua. Mwenye nyumba anamupa moto wa kuota na pahali pa kulala. Asubuhi njia ya kurudi ni mbaya, mufuko ni muzito, basi mwenye nyumba anasema, acha hapa, nitakuchungia, na anatoa kamba yake mwenyewe, anaufunga mufuko mara ya pili. Siku nyingi baadaye, maji yamepungua, mama anarudi kwenye nyumba ile. Musitari wa mwisho unasema: Akasimama mbele ya mulango, akabisha hodi.

Alisoma vizuri, oh, alisoma vizuri! Alipumua kwenye kila nukta. Direkta mwenyewe aliacha kutazama saa.

Kisha akageuza karatasi uso chini.

“Mama alikuwa anaenda wapi?”

Mikono ikaenda nyuma.

“Alibeba nini?”

Kichwa chini.

“Kwa nini hakufika?”

Niliona kalamu inafunguliwa. Niliona inashuka kwenye karatasi yake. Nilikuwa nawaza jembe lile inje, kati ya magoti ya papa yake. Ghafula nikasikia mikono yangu yenyewe inakunja nguo.

“Papa Direkta, uvumilie kidogo.”

“Mama...”

“Nimesema kidogo!”

Nikafungua mulango, nikamuita papa. Aliingia na jembe, akakumbuka, akaliegemeza kwenye ukuta, akavua kofia. Alifikiri ameitwa kupewa habari.

“Papa, umesikia mutoto amesoma nini?”

“Hapana, Mama. Nilikuwa inje na wenzangu. Sijasikia kitu.”

“Basi,” nikamwambia mutoto, “papa yako hakuwa hapa. Hajui. Mueleze.”

Direkta alifungua mudomo. Nilimutazama vile ninavyotazama wale wa klasi ya pili, akaufunga.

Mutoto alimutazama papa yake kwa muda, kupima kama kweli hajui. Akatoa mikono nyuma.

“Papa, kulikuwa mama mumoja. Alibeba mufuko ya maharagi, iko anaenda ku soko ya Sake.”

Akaeleza. Mvua, daraja, nyumba ya muntu asiyemujua, moto. Sauti yake ilianza ndogo, ikakua. Alipofika kwenye neno nitakuchungia, papa yake, aliyekuwa anasikiliza kwa adabu tu, alisogea hatua mbele. Hakutazama tena mimi wala Direkta. Alimutazama mutoto mudomoni kama Koko.

“Na kisha?”

“Kisha siku zikapita, maji ikakauka. Akarudi. Akasimama ku mulango, akabisha hodi.”

 Papa alikunja kofia mikononi.

“Sasa mufuko yake,” akauliza, “aliikuta?”

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo, si mimi wala Direkta, katika miaka yote ya karatasi ile. Tulikuwa tunauliza anaenda wapi na alibeba nini.

Mutoto aligeukia meza. Direkta, sijui kama alijua anachofanya, aliirudisha karatasi uso juu, akaisukuma kwake. Kidole kidogo kilifuata musitari wa mwisho mpaka kwenye nukta.

“Haikuandikwa, Papa. Inaishia hapa, anabisha hodi.”

“Haikuandikwa,” papa akarudilia.

“Hapana. Lakini mimi nafikiri alimuchungia.” Akarudisha kidole juu, akatafuta, akapata. “Ona hapa. Alitoa kamba yake mwenyewe. Muntu anataka kukula maharagi yako, hatoi kamba yake ju ya kuyafunga.”

Papa alitazama dirisha, na dirisha lile linatazama upande wa Masisi, ingawa milima ya kwao haionekani kutoka hapa. Alipangusa uso mara moja na kofia, kama muntu aliyetokwa jasho. Nami nilikuwa nalia bila kujificha, nimezeeka kwa mambo ya kujificha.

Kisha papa akamugeukia Direkta, kwa heshima, kofia kifuani.

“Papa Direkta, ile ingine yake, ya mwisho, inaandikwa wapi?”

Direkta ni muntu wa sheria. Tangu nimujue sijamusikia akisema uongo, hata wa kumufurahisha mugonjwa. Alitazama karatasi. Alitazama mutoto. Alifunga kalamu, akairudisha mufukoni pamoja na mwenzake.

“Iko ku kitabu ya klasi ya tatu,” akasema.

“Basi atasoma,” papa akajibu. Akachukua jembe lake na mukono mumoja, na mukono mwingine akauweka juu ya kichwa cha mutoto, wakatoka.

Nilingoja mulango ufungwe.

“Papa Direkta! Klasi ya tatu nimeifundisha. Hadithi hiyo haimo!”

“Najua,” akasema, na akaangalia saa yake, kwa haya nafikiri. “Likizo ni ndefu. Weye njo mwalimu wa kusoma. Andika.”

Nikaandika. Muntu asikudanganye kwamba ni kazi nyepesi. Nilikaa jikoni likizo nzima na karatasi juu ya goti, na kila mara nilipofika kwenye mulango ule nilishindwa kuufungua. Mwenye nyumba yuko? Mufuko uko? Kwa mutoto yeyote mwingine ningejaza mufuko juu mpaka kwenye kamba na kwenda kulala. Kwa huyu nilijua nani atasikiliza. Nilichana, nikaandika, nikachana. Mwishowe niliandika kwamba mulango ulifunguliwa, na mufuko ulikuwa pale, na kamba mbili bado juu yake. Maharagi ya chini yalikuwa yamepata unyevu na kuanza kuchipuka. Mwenye nyumba aliomba musamaha. Mama alisema si kitu, yale ya juu atapika, yale ya chini atapanda. Sikuthubutu kuahidi zaidi.

Shule ilipofunguliwa, nilimuita yule musichana, sasa wa klasi ya tatu, akiwa katika sare ya mwaka mupya, ile ile ya zamani iliyoteremshwa pindo. Mifuko ya papa yake, habari zake hazikuwa zimefika. Hazijafika hadi leo. Nilimupa karatasi. Aliitazama kwanza juu chini.

“Mama mwalimu, haya maandiko ni yako.”

Nikakunja mikono ya nguo. “Soma!”

Alisoma mpaka mwisho, bila kukwama, na alipofika pale mulango ulipofunguliwa alipumua, ingawa hapakuwa na nukta. Sikumuuliza swali lolote. Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya shati, akashika njia.

“Hee, weye! Unaipeleka wapi?”

“Nyumbani,” akajibu, bila kuinamisha kichwa. “Papa hajui bado.”